Maji ya Kericho Huchemka Mapema

Ukiteleka birika Mombasa, maji huchemka yakifika nyuzi 100. Liteleke Kericho mjini, mita kama 2,000 juu ya usawa wa bahari, nayo yataanza kutokota yakiwa kwenye nyuzi 93 hivi. Mpishi wa chai hana habari na tofauti hiyo. Majani huiva, maziwa hupanda, watu hunywa. Anayepaswa kupiga hesabu ni mwenye gari la zamani, kwa kuwa birika lake liko chini ya boneti na moto wake hauzimwi mpaka safari iishe.

Mimi nilifundishwa hesabu hiyo jioni moja nikitoka Ahero. Kutoka kwenye mashamba ya mpunga ya uwanda wa Kano hadi Kericho, barabara hupanda mita kama 800, na kila mita 300 za kupanda huyapunguzia maji nyuzi moja ya kuchemkia. Nilikuwa nimeshapita Kapsoit, nyuma yangu lori la miwa limenikalia, mshale wa joto ulipoingia kwenye nyekundu na mvuke ukatoka mbele kama wa kiwanda cha chai. Nikaegesha. Watoto walitokea, kama watokeavyo siku zote, na mmoja akaniletea maji kwenye mtungi wa plastiki kabla sijaomba. Nilimshukuru, nikamwambia tusubiri. Kumwaga maji baridi kwenye injini iliyokaangika ni kuomba hedi ipasuke.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya rangi ya maziwa, yenye namba za usajili za kabla ya KAA kuanza mwaka 1989. Marehemu baba alilinunua likiwa limeshatumika, kwa bonasi ya majani chai. Watu wa Konoin wanaujua uzito wa neno hilo, bonasi. Ndiyo iliyoezeka nyumba mabati, ikalipa karo, na kwa wachache ikaleta Pijo nyumbani. Siku hizo Pijo ilikuwa ndiyo gari la mwalimu mkuu, la daktari, la chifu mwenye mashamba, na pia teksi ya masafa marefu iliyobeba abiria wakibanana hadi Nakuru na Nairobi. Modeli ya 404, iliyozaliwa Ufaransa mwaka 1960, iliendelea kuunganishwa nchini Kenya hadi 1991, miaka mingi baada ya Wafaransa wenyewe kuiacha. 504 ilitoka 1968 na ikaunganishwa hapa hadi 2004. Ndiyo maana ukipita Litein au Mulot siku ya soko bado utaona pikapu moja mbili za 504, zimepakwa rangi mara ya nne, zimebeba viazi.

Sifa ya magari hayo ilijengwa kwenye tope. Mbio za Safari zilizoanza 1953 zikiitwa Coronation Safari, na kwa miaka mingi zikifanywa wakati wa Pasaka mvua inapoanza, ziliipa 404 ushindi mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Katika mashindano ya 1963 na ya 1968 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na mara zote mbili aliyetangulia alikuwa Nick Nowicki na msomaji ramani wake Paddy Cliff. Mwaka 1975 ikawa zamu ya 504, mikononi mwa Ove Andersson. Na Kericho ina lake la kujivunia hapo. Joginder Singh, aliyeshinda Safari mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976, alizaliwa Kericho mwaka 1932. Alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, na hilo lilionekana. Ushindi wake wa kwanza aliupata pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumiwa na timu ya kiwanda mwaka uliotangulia. Walichukua gari la wengine, wakalifungua, wakalifunga upya, wakashinda. Ningependa kila kijana anayejifunza ufundi Kericho aambiwe habari hiyo siku ya kwanza, kabla hajapewa spana.

Turudi kwenye injini yangu iliyochemka, na tuanze na pampu yake ya maji. Watu wengi hudhani kazi ya pampu ni kupoza maji. Pampu haipozi kitu. Inayasukuma tu: yatoke kwenye injini yakiwa moto, yapite kwenye rejeta yapigwe na upepo, yarudi. Kuna magari yaliyoishi bila pampu kabisa. Ford Model T iliyategemea maji yenyewe, yanayopanda yakiwa moto na kushuka yakipoa, kama yafanyavyo ndani ya sufuria. DKW iliyoshinda Safari ya 1956 ilikuwa hivyo hivyo. Volkswagen, ile yenye mgongo wa kobe, ilishinda 1954, 1957 na 1962 bila tone la maji ndani ya injini. Na kuna waliozidisha: Ford V8 iliyotoka 1932 ilikuwa na pampu mbili, moja kwa kila upande wa injini, kwa hiyo mwenye nayo hununua mbili, hulia mara mbili. 504 ina moja. Moja inatosha, ikiwa nzima.

Yangu haikuwa nzima. Siku ya pili nilivutwa kwa kamba hadi kwa fundi mmoja wa jua kali upande wa Kapkatet, mzee aliyeanza kazi enzi za 404 na ambaye hushika injini kama mama anavyomshika mtoto kipaji akisikiliza homa. Nilimsalimu, chamgei, akaitikia bila kuinua kichwa. Alishika ubapa wa feni akautikisa mbele na nyuma. Ukacheza. Beringi ya shafti imekwisha. Kisha akaingiza kidole chini ya pampu, kwenye kitundu kidogo ambacho wenye magari wengi hawajui kwamba kipo, akakitoa kikiwa na kitu cheupe, kigumu.

"Kijana, nani aliweka gundi hapa?"

"Sijui, mzee. Labda fundi wa kwanza."

Akacheka kwa pua.

Kitundu kile kimetobolewa kiwandani kwa makusudi. Ndani ya pampu kuna sili inayozuia maji yasiifikie beringi. Sili ikichoka, maji machache huipita, na kitundu huyatoa nje yadondoke chini, ili beringi isilowe na ili mwenye gari aone. Ni mlalamishi asiye na mdomo. Tumelelewa kwenye methali ya kuziba ufa, lakini hapa ukiziba umejiponza mwenyewe: maji hukosa njia, huingia kwenye beringi, grisi huoshwa, kutu hushika, shafti huanza kuyumba, na mwisho mbawa za pampu hukwaruza nyumba yake. Tone lililokuwa likikuambia ununue sili limekuwa pampu nzima.

Kuifungua si kazi ya siku mbili. Injini ipoe kabisa. Kifuniko cha rejeta kifunguliwe, maji yamwagwe kwa chini, na pia kwenye bolti ya bloku, maana rejeta peke yake haitoi yote. Mzee aliitoa rejeta nzima ili tusije tukaikwaruza, akalegeza altaneta, akavua mkanda, akachomoa mipira. Mipira miwili ilikatika alipoigusa. Bolti zikatoka, isipokuwa moja iliyoganda. Aliipasha moto, akaipiga kidogo kwa kichwa cha nyundo, akaiacha, akaenda kunywa chai, akarudi, ikakubali. Pampu yenyewe ilikuwa imeng'ang'ania injini kwa gundi ya miaka. Hapo ndipo mafundi wenye haraka huingiza bisibisi wakakwangua uso wa alumini, na uso uliokwanguliwa hautafungwa tena na gasketi yoyote. Yeye aliigonga kwa kipande cha mti, huku na huku, mpaka ikaachia.

Ndani tuliona sababu. Mbawa zilikuwa zimelika. Zile kingo za chuma zinazosukuma maji zilikuwa zimekonda kama kisu kilichonolewa miaka thelathini, na moja haikuwapo. Tope la kahawia lilijaa kwenye nyumba ya pampu. Akanionyesha, akaniuliza ni maji gani tunayotia. Nikajibu ya bomba, na wakati mwingine ya mto. Akafungua nyumba ya themostati, ule mlango mdogo unaoyazuia maji mpaka injini ipate joto, akakuta tupu.

"Na hii nani aliitoa?"

Safari hii nilinyamaza.

Nitasema wazi ninaloliamini: pampu nyingi za maji katika nchi hii haziuawi na uzee, zinauawa na maji matupu. Injini ya 504 ina bloku ya chuma na hedi ya alumini. Madini hayo mawili yakikutanishwa kwenye maji yasiyo na dawa, moja humla mwenzake polepole. Kulanti tunaidharau kwa sababu tumeambiwa ni ya kuzuia barafu, na sisi barafu tunaijua ile ya mvua ya mawe inayochana majani ya chai tu. Lakini ndani ya chupa ile mna dawa ya kuzuia kutu, mna kitu cha kupandisha nyuzi za kuchemkia, na mna kinacholainisha sili ya pampu. Mkulima wa Bomet anayepanda milima kila siku anaihitaji kuliko dereva wa Mombasa.

Kifuniko cha rejeta nacho kimo kwenye hesabu ile ya birika. Spring yake huyabana maji, na maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka. Magari ya leo hubana kwa nguvu. Ya zamani hubana kidogo, kwa hiyo akiba ni ndogo, na kifuniko kilicholegea huifuta yote. Uko Kericho, maji yanachemka kwenye 93, kifuniko hakishiki, na injini yenyewe hupenda kufanya kazi ikiwa na nyuzi 80 na kitu. Umebakiwa na nini? Hatua chache tu, na mlima bado haujaisha.

Kuhusu themostati, mabishano ya gereji hayaishi. Wengi huitoa gari likianza kuchemka, wakisema maji yapite bila kizuizi. Kwa siku chache mshale hushuka, mwenye gari hufurahi, fundi hulipwa. Ila ugonjwa umefichwa, haujatibiwa. Rejeta iliyoziba bado imeziba, mbawa zilizolika bado zimelika, ila sasa hutajua mpaka upande mlima ukiwa na mzigo. Na asubuhi za Kericho, ukungu ukiwa umelala juu ya chai, injini isiyo na themostati huchukua muda mrefu mno kupata joto. Petroli huteremka kwenye kuta za silinda na kuosha oili, unywaji wa mafuta hupanda, hita haitoi chochote. Nilizunguka hivyo kwa miaka nikidhani 504 ni gari baridi kwa tabia.

Pampu mpya ilipatikana. Hii ndiyo faida ya kupenda gari lililopendwa na bara zima: Peugeot 504 iliunganishwa Kaduna, Nigeria, hadi miaka ya 2000, na vipuri vyake bado vinatengenezwa. Kirinyaga Road jijini Nairobi, ambako wazee bado huita Grogan, utaoneshwa tatu za bei tatu. Usichague kwa macho. Zungusha shafti kwa kidole. Isikwame, isicheze, isilie. Tazama mbawa ni za chuma cha kuyeyushwa au za bati lililokunjwa. Mzee yeye alinishauri ninunue mpya kwa sasa, na ile ya zamani nisiiuze kwa wanunua vyuma, kwa kuwa mwili wake wa awali ulikuwa mzima na beringi, sili na mbawa hubadilishwa kwa mashine ya kukandamiza. Mwenye 404 asilisikilize hilo kwa sikio moja, maana za kwake zinazidi kuadimika. Na kwa wale wanaopeleka magari yao kwenye maonyesho ya Concours kule Ngong Racecourse, yanayofanywa tangu 1970, waamuzi hufungua boneti na kuinama chini ya gari. Mwili wa awali una heshima yake.

Kuna kipande cha Peugeot kinachohitaji mkono mtulivu kuliko pampu yenyewe, nacho ni feni. Wahandisi wake waliipachika juu ya poli ya pampu lakini hawakuifunga nayo. Katikati kuna sumaku ya umeme. Maji yakiwa baridi feni hujizungukia tu kwa uvivu. Yakipanda joto, swichi iliyo kwenye rejeta hupeleka umeme kupitia kaboni ndogo inayogusa pete ya shaba, sumaku hushika, feni inaanza kuvuta upepo kwa nguvu zote. Kwa teknolojia ya miaka ya hamsini na sitini ilikuwa akili ya ajabu. Nafasi kati ya sumaku na feni haifiki nusu milimita, na hupimwa kwa filagauji katika sehemu tatu. Ikizidi, sumaku haishiki. Ikipungua, feni hukwaruza. Magari mengi niliyoyaona yamekazwa moja kwa moja ili feni izunguke wakati wote. Gari litakwenda, lakini linapiga kelele, linakula nguvu, na uzito huo wote unabebwa na beringi ya pampu hata pale ambapo hauhitajiki. Kaboni yetu ilikuwa imekwisha. Mzee aliichonga nyingine kutoka kwenye kaboni ya stata kuukuu, kwa msasa, akiipima kila mara kama mtu anayechonga jino.

Gasketi hakununua. Alilaza karatasi ngumu ya gasketi juu ya mdomo wa pampu, akaichapa taratibu pembezoni kwa nyundo yenye kichwa cha duara mpaka kingo za alumini zikaikata zenyewe, tundu za bolti zikatobolewa kwa goroli la beringi. Dakika kumi. Akaipaka grisi kidogo, wala si gundi nyingi inayominyika ndani na kwenda kuziba rejeta. Bolti alikaza kwa zamu, ya juu kisha ya chini, kidogo kidogo. Mkanda aliukaza mpaka ukawa unabonyea kwa upana wa kidole tu. Mkanda uliokazwa kupita kiasi huvunja beringi mpya ndani ya miezi michache, na hapo watu husema pampu ilikuwa bandia.

Kabla ya kujaza maji tuliisafisha rejeta kwa kuyapitisha kinyume, kutoka chini kwenda juu, na kilichotoka ningeaibika kukieleza mbele ya wageni. Kwa kujaza, alitumia maji ya mvua kutoka kwenye tangi lililo chini ya mabati yake, nusu kwa nusu na kulanti. Hapa kwetu mvua ya alasiri ni kama deni, lazima ilipwe, na maji yake hayana chumvi nyingi za kisima. Kisha akaliegesha gari likitazama mlimani, kichwa juu, jambo ambalo Kapkatet halihitaji kutafutiwa mahali, ili hewa iliyobaki ndani ipande ipate pa kutokea. Hita ikafunguliwa hadi mwisho, kifuniko kikaachwa wazi, injini ikanguruma polepole huku mapovu yakitoka na maji yakishuka na kuongezwa. Hewa ikibaki ndani ya hedi, mahali hapo hapana maji, na alumini haisamehe. Wakati huo wote alikuwa akichomoa kijiti cha oili na kukikagua. Injini hii ina slivu zilizosimama ndani ya maji, zikizibwa chini kwa gasketi nyembamba, na gari lililowahi kuchemka sana huweza kuvuja hapo au kwenye gasketi ya hedi. Ishara yake kila mtu wa huku ataitambua: oili hugeuka chai ya maziwa. Yetu ilitoka nyeusi, safi. Tulipona.

Jumapili iliyofuata nilishuka Ahero kwa makusudi, nikanywa soda, nikageuza. Nilipanda nyuma ya matrekta ya miwa, gia ya pili, dirisha wazi. Mshale ulipanda hadi nusu, nikasikia feni ikishika kwa mlio wake mfupi, ukashuka kidogo, ukakaa. Kapsoit nilipita bila kusimama.

Kama nawe unalo la umri huo, usingoje mvuke. Wikendi hii, injini ikiwa baridi, tikisa ubapa wa feni, pitisha kidole chini ya pampu utafute kile kitundu, na fungua nyumba ya themostati uone kama kuna mtu ndani.